Picha Moja, Nyumba Tatu

Jua lilikuwa linamalizia kuzama pikapu ilipoacha lami na kuingia kwenye changarawe, na hapo ndipo Kimulimuli alipogundua kwamba gari hilo halikuwa na kioo cha kutazamia nyuma. Si kwamba kilivunjika. Kilikuwa kimefunguliwa skrubu kwa utaratibu, na tundu zake zimezibwa kwa gundi. Vya pembeni navyo havikuwepo.

Akamwuliza dereva anajuaje kinachokuja nyuma. Dereva, ambaye watu walimwita Mwendapole, na kweli gari lake lilitambaa, akacheka kidogo na kusema kwamba huku hakuna kinachokuja nyuma ambacho mtu angependa kukiona. Kimulimuli naye akacheka, cheko la adabu tu, kisha akaupakata mkoba wa kamera. Mwanamke anayekwenda jangwani jioni na mwanamume aliyemfahamu kwa simu hana budi kushuku kila kitu, hata vichekesho.

Kimulimuli halikuwa jina la kuzaliwa. Alipewa na wenzake kazini kwa ajili ya taa ndogo nyekundu aliyojifunga kichwani kila alipopiga picha gizani. Mchana alipiga harusi, mahafali na watoto waliolazimishwa kucheka. Usiku, akipata nafasi, alipiga nyota. Safari hii nyota zenyewe zilikuwa kazi: mwenye kampuni moja ya kalenda alitaka anga la jangwa, usiku usio na mwezi, na alitaka kazi safi.

Lazima niseme mapema jambo moja juu yake, maana ndilo lililomponza. Miaka michache nyuma mume wake alifariki, na msiba haujapoa, kompyuta iliyobeba picha zao zote ikaungua. Zilizookoka ni chache alizowahi kumpelekea dada yake: mume anaosha gari, mume amelala na gazeti usoni, mume amesimama mlangoni anacheka. Basi. Maisha ya ndoa nzima yakabaki picha za kuhesabika kwa vidole. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile akajiwekea sheria kwamba kila picha ilale nyumba tatu. Nakala moja kwake, moja kwa dada yake, na moja studio kwa Fundi Wino, mchapaji aliyeshirikiana naye. Nyumba moja ikiungua, mbili zipo. Kadi ya kamera hakuifuta kamwe mpaka nyumba zote tatu zipokee. Akiba haiozi, ndivyo alivyopenda kusema, na watu walimcheka.

Walipofika alifanya kazi yake haraka. Alisimamisha kamera juu ya mwamba, kwenye stendi ya miguu mitatu, akaning'iniza mfuko wa mawe chini yake isitikiswe na upepo, akaielekeza kwenye kilima kirefu cha mchanga ambacho juu yake nyota zilikuwa zimeanza kumwagika. Kamera ingefungua jicho lake kwa nusu dakika, ifunge, ifungue tena, yenyewe kwa yenyewe, mpaka alfajiri. Ikishaanza, kazi ya mpiga picha ni kukaa mbali na kutogusa kitu. Wakakaa garini. Mwendapole akafunga milango, akapandisha vioo, akajifunika kofia usoni.

Kimulimuli hakulala. Alikuwa anaitazama nukta nyekundu ya kamera kule kwenye mwamba aliposikia.

Krrch...

Changarawe. Kitu kilikanyaga changarawe nyuma ya gari, kikatulia.

Krrch... krrch...

Kisha harufu. Udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi, mahali ambapo mvua watu waliisikia kwenye habari tu. Iliingia ingawa vioo vilikuwa vimepandishwa.

"Usitoke," Mwendapole akanong'ona chini ya kofia. Kumbe naye hakulala.

"Kamera yangu iko nje."

"Iache. Na usigeuke nyuma."

Kimulimuli hakugeuka, lakini si kwa sababu ya kumwamini. Alikuwa akifikiri haraka: huyu ana mwenzake huko nje. Hivi ndivyo wanavyowaibia watu. Mmoja anakufungia ndani, mwingine anabeba. Akakaa hivyo amekunja ngumi mpaka mbingu ikapauka.

Kulipokucha kamera ilikuwa palepale, inafungua jicho na kufunga. Kwenye mchanga palikuwa na nyayo zake tu za jana. Angepaswa kufurahi, lakini mtu akishashuku, hata kukuta mali yake salama humwongezea shaka. Na Mwendapole hakusaidia. Alimfuata mpaka kwenye mwamba, akamwambia azitazame picha hapohapo, na akiona yenye mtu ndani yake aifute papo hapo, kwenye kamera ileile. Asiende nayo nyumbani.

Kimulimuli akaitikia, akabonyeza vitufe viwili vitatu bila kutazama, akasema amekwisha futa. Kadi aliichomoa na kuificha kwenye soksi. Njia nzima ya kurudi Mwendapole aliendesha polepole kuliko jana.

*

Nyumbani alizifungua kwenye kompyuta, pazia limeshushwa, chai pembeni. Zilikuwa nzuri mno. Alipita moja baada ya nyingine akijipongeza, mpaka jicho lake likakwama juu ya kilima.

Palikuwa na mahali pasipo na nyota.

Akaikuza picha. Halikuwa wingu. Lilikuwa pengo dogo jeusi lililosimama wima kwenye mgongo wa kilima, na pengo hilo lilikuwa na mabega.

Kila anayepiga picha za usiku anajua jambo hili: mtu akipita mbele ya kamera wakati jicho liko wazi muda mrefu hivyo, haonekani. Anayeyuka. Ili uonekane lazima usimame tuli kabisa, bila hata kuhama mguu. Huyu alionekana kwenye picha ya kwanza. Alionekana kwenye ya mwisho. Alionekana kwenye zote za katikati, palepale, usiku kucha, bega halikusogea hata kwa unywele.

Hakuna binadamu anayeweza hivyo, na kwa hiyo Kimulimuli akaamua kwamba si binadamu bali ni gogo. Mwendapole alilisimamisha, akalivika koti, ili amtie hofu afute kazi yake, kesho amlete mpiga picha mwingine amtoze upya. Wazo hilo lilimpendeza kwa sababu lilikuwa na mtu wa kumkasirikia. Angelikata hilo gogo kwenye picha ya kalenda, yaishe. Kufuta hapana. Tangu kompyuta ile iungue hakuwahi kufuta picha hata moja, hata zilizotoka na kidole mbele ya lenzi.

Siku hiyohiyo akazigawa. Nakala ya kwanza kwenye diski yake. Ya pili akampelekea Fundi Wino. Ya tatu akaenda nayo kwa dada yake jioni, kwenye ile diski iliyokaa kabatini chini ya shuka, yenye kila kitu: picha za marehemu, za familia, mpaka za mwezi huu za Kibibi, binti mdogo wa dada yake.

Shemeji yake alimpokea mlangoni. Alikuwa fundi wa televisheni, mtu wa maneno, na utani kati yao haukuwahi kupoa. "Shemeji, nyota tena?" akasema. "Siku utakapotuletea mwezi, mimi nitahamia jikoni." Wakacheka. Diski ikarudi chini ya shuka, na Kimulimuli akarudi kwake moyo umetulia.

Haikupita wiki, dada yake akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mdogo wangu, hebu njoo. Shuka zangu zinanuka udongo."

Alifika mchana, jua linawaka, watoto wa jirani wanapiga mpira nje. Dada yake alikuwa ametoa kila kitu kabatini. Alifua mara mbili, akasema, na akaanika juani, na bado. Kimulimuli aliinama kwenye rafu tupu, na ile harufu ikampanda puani. Aliijua. Diski ilikuwa ya baridi, baridi ya kitu kilichotolewa kisimani.

Akaichomeka kwenye kompyuta ya shemeji yake sebuleni. Akafungua picha ya kwanza.

Juu ya kilima nyota zilikuwa kamili.

Pengo lilikuwa chini, katikati ya mteremko. Kubwa zaidi. Sasa lilikuwa na shingo, na mikono iliyoning'inia mirefu kupita kiasi.

Nakala ni nakala. Hiyo ndiyo imani ya kazi yake yote. Kilichopo hapa ndicho kilichopo kule, vinginevyo nakala ya nini? Picha haibadiliki bila mkono wa mtu, na mkono uliokuwepo humu ndani ulikuwa mmoja tu, wa fundi wa televisheni ajuaye kompyuta na apendaye mzaha. Akamwuliza. Shemeji yake akakiri kwamba ndiyo, aliifungua siku moja, alimwonyesha Kibibi nyota. Hakugusa kitu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kimulimuli akasema, mbele ya dada yake.

Shemeji yake akazima kompyuta. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, utani tunao," akasema. "Huu si utani." Akatoka nje akakaa kwenye ngazi, na dada mtu akaenda jikoni akawa anaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kimulimuli alichukua begi lake akaondoka bila kuaga, moyo unamwuma, kwa sababu alimpenda yule mtu na alijua kwamba neno likishatoka halirudi mdomoni.

Kwake alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nakala yake yeye hakuna aliyeigusa. Angeiona palepale juu ya kilima, apige picha ya ushahidi, aende akamwumbue mtu. Akafungua.

Kilimani hapakuwa na kitu.

Wala mteremkoni. Akakuza kila kona. Nyota zote zilikuwepo, mchanga wote mtupu, picha nzuri ambayo mwenye kalenda angeipenda. Akazipitia zote. Hakuna gogo. Hakuna pengo. Akaegemea kiti, akapumua, na katikati ya pumzi hiyo akajiuliza.

Kama kimetoka humu... kimekwenda wapi?

Harufu ilikuwa tayari chumbani. Sijui ilikuwepo tangu lini.

Akafanya anachofanya kila anapoogopa: akafungua folda ya marehemu. Mume anaosha gari, povu mpaka kwenye viwiko. Alitabasamu. Kisha akaona mwisho wa barabara, nyuma kabisa, mahali ambapo palikuwa na ukuta mweupe wa jirani. Palikuwa na ufa mweusi kwenye ukuta ule. Wenye mabega.

Picha iliyofuata, mume amelala na gazeti usoni. Kwenye korido nyuma yake giza lilikuwa limesimama.

Ile ya mlangoni, anayocheka, ilikuwa safi. Aliikagua kona kwa kona akilia, na ilikuwa safi. Lakini baada ya hiyo zikafuata za familia, na kwenye kila mwaka kile kitu kilikuwepo, kila mwaka karibu kidogo: nyuma ya mti, nyuma ya kiti, nyuma ya bega la dada yake. Kilikuwa kinatembea. Kilishuka kwenye nyota kikaingia kwenye folda, na kilikuwa kinakuja na tarehe, kutoka zamani kuelekea sasa.

Picha ya mwisho kabisa ilikuwa ya mwezi huu. Kibibi amelala kwenye sofa la mama yake, kidole mdomoni. Nyuma ya sofa mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu, na nusu hiyo ilikuwa imejaa.

Baada ya hiyo hapakuwa na picha nyingine. Baada ya hiyo kulikuwa na sebule yenyewe.

*

Mwendapole alipokea simu kabla haijaita vizuri.

"Hukuzifuta," akasema.

"Hapana."

"Umeziweka ngapi?"

"Nyumba tatu."

Kisha Mwendapole akasema, polepole kama anavyoendesha, kwamba kule jangwani kile kitu husimama tu. Kilisimama enzi za baba yake na kitasimama wajukuu wakizeeka, kwa sababu hakina pa kwenda. "Sasa wewe mama umekipa nyumba. Umekipa na funguo."

"Ni kitu gani?"

"Ningekuwa nakijua, gari langu lingekuwa na kioo."

Akamwambia afute. Si za nyota peke yake. Kila kilichomo ndani ya diski, kote kilikopita, nyumba zote tatu, na asibakize.

"Humo ndani yumo mume wangu," Kimulimuli akasema. "Sina kwingine."

"Pole," Mwendapole akasema, na sauti yake ilionyesha anamaanisha. "Lakini yeye alishaondoka. Mtoto bado yupo."

Kimulimuli alimpigia shemeji yake. Akamwambia, nisamehe kwanza, kisha nisikilize. Shemeji yake akasema sema. Akamweleza yote. Akamsikia tu akimwita mkewe amtoe Kibibi sebuleni, kisha vitufe vikibonyezwa, kisha nyundo. Fundi Wino hakuhitaji hata kuelezwa. Alisema studio yake ilikuwa inanuka kama kaburi na alishaanza kumshuku paka, akafuta zote mara moja. Kazi ya kalenda ikafia hapo.

Ikabaki nyumba moja, yake mwenyewe.

Alikaa mbele ya kompyuta mpaka machozi yakaisha. Kufuta ni kitufe tu, lakini alikuwa anamzika mumewe mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kumpa pole. Alifuta nyota, na za kwenye kadi ya kamera pia. Alifuta miaka yote ya familia. Alifuta gari na povu, akafuta gazeti. Akafika kwenye ile ya mlangoni, na mkono ukagoma.

Aliikuza tena. Akapita kona zote, kivuli cha mlango, mikunjo ya shati, mwanga kwenye tundu la kitasa. Safi. Kila picha ilikuwa na doa isipokuwa hii. Angeiweka kwenye simu tu, nakala moja, nyumba moja. Nani angemlaumu? Mimi siwezi. Akaihamisha, kisha akafuta kilichobaki, akaipeleka diski uani na kuiponda kwa jiwe.

Na mambo yakatulia. Shuka za dada yake zikanukia sabuni. Kibibi akawa analala usiku mzima. Shemeji yake alimsamehe kwa jinsi wanavyosamehe mashemeji: siku moja alimpigia akamwuliza kama bado anashuku gogo, wakacheka.

Kila jioni, baada ya kazi, Kimulimuli alikaa kwenye kiti chake, mgongo kwa korido, akafungua ile picha. Aliipiga yeye mwenyewe. Alikuwa amerudi safari. Mumewe alisikia hodi, akafungua mlango, na kabla hajasema kitu yeye akainua kamera akampiga. Alikuwa anamtazama machoni, anacheka, mdomo umeanza kulitaja jina lake. Hilo ndilo alilolipenda. Ilikuwa picha pekee duniani ambamo mumewe alikuwa anamtazama yeye.

Jioni ya leo alipoifungua aliona cheko limepungua.

Akadhani ni uchovu wake. Akaisogeza simu karibu. Hapana, mdomo ulikuwa umefumba kidogo, umekazwa, jinsi alivyokuwa akiukaza alipotaka kumwonya jambo mbele ya wageni. Nyuma yake mlangoni hapakuwa na kitu, kama siku zote. Kona zote safi. Akaitazama mpaka akaelewa kilichobadilika, na alipoelewa, ile harufu ya udongo mbichi ilikuwa imeshafika puani.

Macho ya mumewe hayakuwa yanamtazama yeye tena.

Yalikuwa yanatazama juu kidogo ya bega lake la kulia.

Krrch... kwenye korido, ambako sakafu ni ya vigae.

Kimulimuli hakugeuka. Mwanga wa simu ulianza kufifia wenyewe, kama unavyofifia simu isipoguswa, na kwenye weusi uliokuwa unaingia akaanza kuona sura yake mwenyewe, na ukuta wa nyuma, na... Akagusa haraka kwa kidole gumba. Picha ikawaka tena. Mumewe alikuwa bado anatazama palepale. Ikafifia, akagusa. Ikafifia, akagusa.

Chaji ilikuwa imebaki kidogo.